Mbio za Hisani

Msomaji, ukiambiwa kwamba watu wazima zaidi ya mia moja waliamka alfajiri, wakafunga kamba za viatu, wakakimbia kilomita 10 katika vumbi ili mtoto mwenye uzito wa kilo moja na robo apate kuishi, una haki ya kuuliza: miguu ya hao na mapafu ya huyu vina uhusiano gani? Swali hili niliulizwa na mzee mmoja katika soko la Magunga, siku nilipompelekea karatasi ya ahadi ili aandike jina lake na kiasi cha fedha atakachotoa kwa kila kilomita nitakayomaliza. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, mtoto akiwa na njaa, mpe maziwa. Akiwa na baridi, mfunike. Kukimbia kwako kunamfaa nini?" Hakusema kwa kejeli. Alitaka kujua, na mtu atakaye kujua hastahili kujibiwa kwa haraka. Haya niyaandikayo ndiyo majibu marefu, ambayo hayakuwezekana kutolewa kati ya mafungu ya nyanya na kelele za wapiga debe.

Magunga ni mji mdogo wa soko katika Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, karibu na milima ya Gwassi. Ukishika njia ya kaskazini wafika Sindo, penye ufuko wa Ziwa Viktoria. Ukishika ya kusini waingia Kaunti ya Migori kwa upande wa Karungu. Watu wetu ni wakulima, wafugaji na wavuvi, na wengi wa asili ya Kisuba ambao leo husema Kiluo. Mbio si sifa yetu. Medali za mbio huletwa na ndugu zetu wa Bonde la Ufa, nasi huzishangilia kwa moyo mweupe. Lakini ukitaka kumwona mtu wa ziwani akiacha kazi yake, mwambie kwamba kuna kandanda. Mwaka 1968, Kipchoge Keino aliposhinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico, watu wa huku walikuwa na furaha yao nyingine, kwani klabu ya Gor Mahia ilizaliwa mwaka ule ule. Basi iliposemwa kwamba Magunga wangekimbia, wengi walicheka kabla ya kuuliza sababu.

Sababu ilikuwa mtoto njiti. Neno hili twalipata kwa ndugu zetu wa Tanzania, nao hulitumia kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Binadamu hukaa tumboni majuma 40 hivi. Azaliwaye kabla ya kutimia majuma 37 huhesabiwa kuwa ametangulia. Njiti ni kijiti chembamba kama kile cha kiberiti. Wako wasiolipenda neno hili, wakisema linamdharau mtoto. Mimi nalipenda, maana sijamwona mtu mwenye akili atupaye njiti ya kiberiti kabla hajajaribu kuiwasha. Tena watoto hawa si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa watoto milioni 13.4 wa namna hii, yaani karibu mmoja katika kila kumi, na matatizo yatokanayo na kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano. Si malaria, wala si kuhara, ingawa hayo ndiyo tuliyozoea kuyahofu.

Mtoto njiti huwindwa na maadui kadhaa kwa pamoja. Wa kwanza ni baridi. Chini ya ngozi yake hamna mafuta, na ngozi yenyewe ni nyembamba kama utando wa kitunguu. Joto humtoka upesi kama chungu kilichoepuliwa mekoni. Hata mchana wa jua kali wa Nyanza, chumba ambacho wewe wakiona cha joto kwake ni chumba cha baridi. Adui wa pili ni njaa, maana kunyonya kunataka mtoto avute, ameze na apumue kwa mpango mmoja, na mpango huo haujakamilika mpaka kama juma la 34. Maziwa ya mama yapo, mtoto yupo, lakini kati yao hapana njia. Sharti mama ayakamue, nayo yapitishwe kwa mrija mwembamba au kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana.

Adui mwingine ni pumzi, na huyo ni mkali kuliko wote. Ndani ya mapafu yetu mna vifuko vidogo vya hewa, navyo vimepakwa ute uvizuiao visigandamane tutoapo pumzi. Ute huo hutengenezwa kwa wingi katika majuma ya mwisho ya ujauzito. Aliyetoka mapema hana wa kutosha, na kila pumzi yake huwa kazi kama ile ya kwanza, sawa na mtu apulizaye puto jipya mara arobaini kwa dakika bila kupumzika. Mwaka 1959 daktari wa Marekani, Mary Ellen Avery, alionyesha kwamba upungufu wa ute huo ndio uletao maradhi haya. Lakini kujua sababu si kupata dawa. Tarehe 7 Agosti 1963 mtoto wa kiume, Patrick, alizaliwa kwa Rais John Kennedy wa Marekani, zaidi ya majuma matano kabla ya wakati, naye alikuwa na uzito uliozidi kilo mbili. Baba yake alikuwa mwenye mamlaka kuliko karibu watu wote wa dunia. Mtoto alipelekwa kwa madaktari wa Boston, na vyote vilivyojulikana siku zile vilifanywa. Tarehe 9 Agosti alifariki.

Nimemtaja mtoto huyo kwa makusudi, msomaji, ili uone jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1963 fedha zilikuwapo, maarifa hayakuwapo. Maarifa yalikuja baadaye. Mwaka 1971 daktari George Gregory wa San Francisco alieleza njia ya kusukuma hewa kwa nguvu ndogo isiyokatika, ili vifuko vile visifunge. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand, baada ya uchunguzi ulioanza kwa kondoo, walionyesha kwamba mama anayekaribia kujifungua mapema akidungwa sindano ya dawa fulani, mapafu ya mtoto hukomaa upesi. Mtoto wa uzito wa Patrick Kennedy leo, akizaliwa mahali penye vitu hivi, aghalabu huishi. Hivyo leo yapo maarifa, na mara nyingi kinachokosekana ni fedha, tena si fedha nyingi. Mtoto wa Rais alikufa kwa jambo lisilojulikana. Mtoto wa mvuvi hufa kwa jambo linalojulikana. Kati ya vifo hivi viwili, mimi naona cha pili ndicho cha kutia uchungu zaidi.

Nami sisemi haya kwa kusoma tu. Mdogo wangu wa kike alijifungua usiku, akiwa na ujauzito wa majuma 31, katika kituo kimoja kidogo cha afya ambacho sitakitaja, maana upungufu wake ni upungufu wa vituo vingi. Mtoto alikuwa na gramu 1,250. Umeme ulikuwa umekatika. Muuguzi alifanya kazi kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na shemeji yangu, naye mkono wake ulikuwa ukitetemeka hata kivuli cha muuguzi kikawa kinacheza ukutani. Nyanya mmoja wa ukoo wetu, aliyefuatana na mzazi, alimtazama mtoto akasema kwa sauti ya upole, "Msimpe jina kwanza." Hakuwa mkatili. Alikuwa amezika wengi, na alijua kwamba kisicho na jina huliliwa kwa siku chache.

Muuguzi hakugeuka. Alisema, "Nyanya, niwie radhi. Kitabu changu kina mstari wa jina, nami siachi mstari wazi. Nambie nimwandike nani." Pakawa kimya. Kisha shemeji akasema kwamba, maadamu mtoto amekuja usiku, ni Atieno. Muuguzi aliandika Atieno, akaandika uzito, saa, na joto la mwili; halafu akamvua mdogo wangu kanga ya kifuani, akamlaza mtoto hapo, uchi kama alivyozaliwa ila kofia na nepi, ngozi juu ya ngozi, akawafunga pamoja kwa kitambaa, akawafunika blanketi. "Usimtoe hapo," akasema. "Wewe ndiwe mashine."

Wengi hudhani kwamba jambo hili ni la watu maskini waliokosa kitu bora. Kwa kweli lilianza hivyo. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey alifanya kazi katika hospitali ya wazazi mjini Bogotá, Colombia, ambako masanduku ya joto yalikuwa machache, na watoto wawili au watatu walilazwa katika sanduku moja, wakaambukizana maradhi. Akaamua kuwaweka watoto juu ya vifua vya mama zao, kama kangaruu wa Australia amwekavyo mwanawe mfukoni. Ulimwengu wenye mali ulitazama kwa shaka. Lakini mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, kwa watoto wa kilo moja mpaka chini kidogo ya kilo moja na gramu mia nane. Waliobebwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walilinganishwa na wale waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Katika kila watoto 100 wa kundi la pili walifariki karibu 16 ndani ya siku 28. Katika kundi la kwanza walifariki 12. Uchunguzi ulikatishwa kabla ya mwisho wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kumnyima mtoto kifua cha mama yake kwa ajili ya hesabu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba kubebwa kifuani kuanze mapema iwezekanavyo, nyumbani au hospitalini, kwa watoto njiti na kwa wote waliozaliwa na uzito mdogo.

Atieno alibebwa hivyo siku 38. Mdogo wangu alipochoka, nyanya yule yule aliyekataza jina alifungua blauzi yake akampokea. Shemeji naye alibeba. Ni mvuvi, mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia mtumbwi kutoka mbali, na wenzake walipomwona ameketi kitini bila shati, kofia ndogo ya sufu ikichungulia chini ya kidevu chake, walimwita mama Atieno. Alisema, "Semeni polepole, amelala." Alihesabu gramu kama watu wengine wahesabuvyo mabao: leo kumi na tano, jana hakuna, juzi ishirini.

Sasa utauliza, kama kifua cha mama ni bure, fedha za nini? Kifua ni bure, lakini mwenye kifua hula, na analala mahali, na ana watoto wengine nyumbani. Mama akikaa majuma matano hospitalini, shamba halilimwi na omena haiuzwi. Tena kifua hakipimi joto, wala hakijui kiasi cha oksijeni iliyomo katika damu, wala hakimfai mtoto ambaye mapafu yake yameshindwa kabisa. Huyo sharti asukumiwe hewa kwa mashine, na pengine asafirishwe, naye asafiripo katika baridi ya usiku huweza kufa njiani akiwa na barua nzuri ya daktari mfukoni mwa baba yake.

Fedha za watoto hawa zimetafutwa kwa njia za ajabu. Sanduku la joto lenyewe lilizaliwa mjini Paris kama mwaka 1880, daktari Stéphane Tarnier alipoziona mashine za kutotolea vifaranga katika bustani ya wanyama, akaagiza ya watoto. Lakini lilikuwa ghali, na hospitali nyingi hazikulitaka. Ndipo Martin Couney, mtu ambaye hata leo haijathibitika kama alikuwa daktari kweli, akafanya jambo ambalo ukilisikia hujui ucheke au ulie. Kuanzia mwaka 1903 hadi 1943, katika viwanja vya michezo vya Coney Island, New York, kando ya bembea na wauza vitafunio, aliweka watoto njiti katika masanduku ya vioo, akawatoza watazamaji senti 25 za Kimarekani. Wazazi hawakulipa hata senti. Kwa fedha za viingilio aliajiri wauguzi hodari, na maelfu ya watoto ambao hospitali zilikuwa zimewakatia tamaa walitoka pale wazima. Mtoto wake mwenyewe, Hildegarde, alizaliwa kabla ya wakati. Madaktari walimlaumu kwa kuwafanya watoto tamasha, na lawama hiyo ina haki ndani yake. Lakini mimi humwazia mama ambaye mwanawe alikuwa ndani ya kioo kile, nami hushindwa kumhukumu Couney.

Mbio za hisani ni binamu wa kiingilio kile, isipokuwa hapa anayetazamwa ni mkimbiaji, si mtoto, na hiyo ni heshima bora. Nchini kwetu njia hii ina historia. Mjini Nairobi hospitali ya Mater ilianzisha mbio zake mwaka 1994 kwa ajili ya watoto wenye maradhi ya moyo. Januari 2014 Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa wakati ule, alianzisha kampeni ya Beyond Zero ili kupunguza vifo vya akina mama na watoto wachanga, na Machi mwaka ule ule akakimbia nusu ya marathoni mjini Nairobi pamoja na maelfu ya watu. Nia ilikuwa kila kaunti, kati ya 47, ipate zahanati ya magurudumu. Aprili akaenda London, akaingia marathoni kamili, kilomita 42 na zaidi. Siku ile Mkenya Wilson Kipsang alishinda kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 29. Mama Kenyatta alitumia saa zipatazo saba. Barabara ni ile ile, siku ni ile ile, na Kipsang alikuwa amekwisha oga, amekula na kujibu maswali ya waandishi wakati yule mama alipokuwa bado njiani. Kwa mashindano, hii ni tofauti ya kuchekesha. Kwa hisani, naona saa zile saba zilisema zaidi, kwa kuwa kila mtu aliyetazama alijua kwamba hakuja kushinda, na kwa hiyo sharti aulize amekuja kwa nini.

Hapo ndipo penye jibu la mzee wangu wa sokoni. Mtoto njiti hufa kimya. Hana mazishi makubwa, wala matanga, na pengine hana hata jina. Jirani huambiwa, "Mimba haikufika," na mazungumzo yakaisha. Mtu mzima anayekimbia barabarani na jina la mtoto kifuani huwalazimisha watu kuuliza, na walioulizana hawawezi tena kusema hawakujua. Fedha ni matunda ya pili.

Mbio zetu zilifanyika Jumamosi. Tulianzia sokoni, tukafuata njia ya Sindo kilomita tano, tukarudi. Sitakuelezea kila hatua, maana mbio za watu wasiokimbia zafanana kila mahali: mwanzoni wote ni Kipchoge, na kwenye mlima wa kwanza kila mtu hukumbuka umri wake. Walikimbia walimu, makuli, wanafunzi wa sekondari, waendesha bodaboda ambao walikiri kwamba hawajatembea kilomita tano kwa miguu tangu waliponunua pikipiki. Nyamrerwa watatu, wale wanawake wa kujitolea wapitao nyumba kwa nyumba kuwaangalia waja wazito, walikwenda mwendo wa kutembea toka mwanzo hata mwisho, wakizungumza, nao walifika bila kuhema. Shemeji yangu alikimbia na nambari 1,250 mgongoni. Watu walidhani ni nambari ya usajili.

Zilipatikana shilingi 87,340. Zilipohesabiwa ndipo mbio ngumu zilipoanza, yaani kikao cha kuzitumia.

Mheshimiwa mmoja, aliyekuwa ametoa ahadi kubwa kuliko wote na kuilipa, alitaka tununue sanduku la joto. Aliahidi kujazia fedha zitakazopungua, na akaomba jambo moja tu, kibao kidogo cha shaba chenye jina lake. Wengi walipiga makofi. Sanduku laonekana, lina kioo na taa, laweza kupigwa picha. Muuguzi alipopewa nafasi alisimama, akasema kwa adabu, "Mheshimiwa, tunakushukuru. Lakini umeme ukikatika sanduku hilo ni kabati. Likiharibika, fundi yuko mbali. Na wakija watoto watatu usiku mmoja, nitawaweka watatu humo?" Kisha akatoa karatasi yake. Vitambaa vya kufungia watoto kifuani. Kofia za sufu. Vipimajoto vitano. Mizani ipimayo gramu. Kifaa kidogo cha kubana mguuni kinachopima oksijeni ya damu. Mirija ya kulishia, na vikombe. Nauli ya akina mama watakaohamishwa usiku. Mwishoni, jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: chakula cha mchana kwa siku nne, ili wauguzi wa vituo vya karibu wakutane wajizoeze kwa mwanasesere namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua.

"Chakula cha wauguzi?" mtu akauliza. "Watu walikimbia ili wauguzi wale?"

Msomaji, hapa nakuomba uwe na subira, maana jambo hili ni kiini cha habari. Majirani zetu wa Migori, pamoja na eneo la Busoga nchini Uganda, walishiriki uchunguzi mmoja mkubwa kati ya mwaka 2016 na 2018, katika vituo na hospitali 20. Mahali pote kumbukumbu za uzazi zilitengenezwa vizuri, na orodha ya mambo ya kukaguliwa wakati wa kujifungua ikatumiwa. Lakini nusu ya vituo viliongezewa kitu: wauguzi na wakunga walijizoeza kwa kuigiza hatari kabla hazijaja, kisha wakakutana mara kwa mara kuchunguza makosa ya kazi yao bila kufichana. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Katika vituo vya kawaida, kati ya kila watoto njiti na wadogo 100, karibu 23 ama walizaliwa wafu wakati wa uchungu ama walifariki kabla ya siku 28. Katika vituo vya mazoezi hesabu ilikuwa 15. Tofauti ya watoto wanane katika mia haikuletwa na jengo jipya wala kioo chenye taa. Ililetwa na mikono iliyozoea, na macho yaliyojua kutazama nini.

Niliyasema hayo kikaoni. Sikusema kwamba mashine hazina maana, kwa kuwa zina maana, na hospitali kubwa sharti ziwe nazo, na mafundi wake, na umeme usiokatika. Wala mtu asidhani kwamba mbio zetu zinaifutia serikali deni lake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na tangu mwaka 2013 hospitali nyingi zimo mikononi mwa kaunti. Raia anayekimbia Jumamosi bado ana haki ya kuuliza Jumatatu bajeti imekwenda wapi. Tena ana haki zaidi, kwa sababu sasa ajua bei ya mrija.

Mheshimiwa alinyamaza kitambo. Mwishowe akauliza kama kibao cha shaba chaweza kupigiliwa kwenye mizani. Muuguzi akasema kitaongeza uzito, na mizani itadanganya. Watu wakacheka, naye akacheka, akatoa nyongeza yake bila kibao. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa ahadi yake ya kwanza.

Fedha zilitunzwa na mama mmoja mchuuzi wa omena, ambaye hajui kusema uongo katika hesabu kwa kuwa ameishi kwa faida ya shilingi mbili mbili. Alinunua kila kitu kilichoandikwa, akamlipa mpishi wa siku nne, akaweka nauli za akina mama katika bahasha nane zilizofungwa, kila moja ikiwa na tarehe itakayojazwa. Zilisalia shilingi 340. Katibu alishauri ziandikwe "matumizi mengineyo." Mama yule alimtazama kama atazamavyo mtu aliyemwekea mchanga katika fungu la samaki. Alinunua betri za vipimajoto, kisha akabandika risiti zote juu ya nguzo ya soko, kwa kimo ambacho mtoto wa darasa la nne aweza kusoma, akaweka kipande cha nailoni juu yake kwa ajili ya mvua.